Kisima kilichohama kikarudi

Ukipanda treni namba 13 hapa Bredäng, shuka Gamla stan, upite vichochoro hadi uwanja wa Stortorget. Katikati kuna kisima cha mawe, kimejengwa kwa urembo kama mnara mdogo. Alikibuni Erik Palmstedt, msanifu yule yule wa jengo la Börsen lililomalizika hapo hapo mwaka 1778.

Miaka ya 1850 kikakauka. Ardhi ya Stockholm inainuka polepole tangu barafu ya kale iyeyuke, na maji yakapotea chini. Basi kikahamishiwa Brunkebergstorg. Mwaka 1861 maji ya bomba yakaingia mjini, ndoo zikapumzika. Miaka ya 1950 kikarudishwa Stortorget, safari hii kimeungwa na bomba la mji.

Sasa, sisi tuliozaliwa huku tunaambiwa sana Kiswahili chetu si cha kweli, eti chanzo kiko mbali. Jamani, maji ya kisima hiki nayo yanatoka mbali, na hakuna anayekiita bandia. Wikiendi hii wapelekeni wadogo zenu mkakione. Na njiani, ongeeni nao Kiswahili.