Corona ilipona, lakini nguvu haikurudi: juu ya nini?

Mgonjwa wa kwanza wa Corona nchini Kongo alijulikana Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Leo wengi hawaongelee tena ugonjwa huo. Lakini kuna waliopona homa na kikohozi, na bado mwili haujakuwa sawa vile zamani. Kupanda kilima kidogo tu, pumzi inakatika. Wanasahau maneno katikati ya mazungumzo. Nyumbani wanaitwa wavivu, wengine wanaambiwa wamelogwa.

Si uvivu, si uchawi. Oktoba 2021, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilieleza hali hiyo: dalili zinazoonekana miezi 3 kisha Corona kuanza, zinazodumu miezi 2 ao zaidi, na ambazo hakuna ugonjwa mwingine unaozieleza. Inaweza kumpata hata mtu ambaye hakulazwa.

Watu wa Beni na Butembo wanaweza kuelewa mbio. Kati ya waliopona Ebola ya 2018 mpaka 2020, kuna waliobaki na maumivu ya viungo na shida ya macho. Virusi vinaweza kuisha, lakini mwili ukachelewa.

Afanye nini mtu kama huyo? Kwanza, aende kituo cha afya. Hakuna kipimo kimoja cha kuonyesha hali hii, kwa hiyo muganga anatafuta kwanza magonjwa mengine: kifua kikuu, kisukari, upungufu wa damu. Hayo pia yanachokesha, na yana dawa. Kusema «ni Corona tu» na kubaki nyumbani kunaweza kuficha kifua kikuu.

Pili, asilazimishe mwili. Msukuma chukudu anayejisikia vizuri leo anaweza kubeba mzigo mzima, kisha kesho ao kesho kutwa akashindwa kuamka. Afazali agawanye kazi: safari moja, mapumziko, kisha nyingine. Kwa anayekula jasho lake la kila siku hiyo ni ngumu, ndiyo maana familia inaombwa kumusaidia badala ya kumucheka.

Hakuna dawa moja inayoponyesha hali hii. Anayeiuza sokoni anadanganya. Wengi wanapata nafuu polepole. Lakini kifua kikiuma sana, pumzi ikikatika kwa rafla ao muguu mmoja ukivimba, ni kwenda hospitali siku ile ile.