"Upasuaji wa Kababu": Msemo Uliozaliwa Katika Mahema ya Korea

Kila jeshi lina lugha mbili. Iko ile ya amri na taarifa, iliyonyooka kama gwaride, na iko ile ya handaki na jikoni ambayo haiandikwi katika daftari lolote. Sisi tulio katika kazi ya uhusiano tumefunzwa kuitumia ya kwanza na kuifumbia macho ya pili. Walakini upo msemo mmoja wa lugha hiyo ya pili ambao, kwa maoni yangu, unasema kweli kuliko taarifa nyingi nilizopata kuandika.

Msemo huo ni wa madaktari wapasuaji wa jeshi la Marekani waliohudumu katika vita vya Korea, vilivyopiganwa tangu mwaka 1950 hadi 1953. Kazi ya kuwapasua majeruhi kwa haraka, karibu na mstari wa mbele, waliipa jina ambalo kwa Kiswahili tungesema "upasuaji wa kababu". Msomaji anaijua kababu: nyama iliyosagwa na kufinyangwa kiganjani, bila mtu kuuliza ilikuwa ya paja au ya bega. Msemo ulienea duniani kwa riwaya iliyotolewa mwaka 1968 na Daktari H. Richard Hornberger, aliyetumia jina la Richard Hooker, na ambaye mwenyewe alikuwa mpasuaji katika hospitali ya 8055 huko Korea. Ikafuata filamu mwaka 1970, kisha mchezo wa televisheni ulioonyeshwa tangu 1972 hadi 1983. Watu walicheka sana. Maana ya msemo ikapotea katika kicheko.

Asiyejua atadhani kwamba askari anatukanwa kwa kuitwa nyama. La hasha! Kejeli inamwelekea daktari mwenyewe. Huyu ni mtu aliyetumia miaka mingi kujifunza kushona kwa ustadi, naye sasa anatakiwa kuacha kazi nusu. Hapasui ili mgonjwa apone. Anapasua ili mgonjwa afike akiwa hai kwa daktari mwingine, aliye mbali, mwenye nafasi na taa nzuri.

Fikiri juu ya askari aliyepigwa tumboni na vipande vya kombora. Analetwa kwa helikopta ndogo, amefungwa katika machela iliyo nje ya chombo, juu ya miguu yake ya kutulia. Zaidi ya majeruhi 17,000 walisafirishwa kwa helikopta katika vita hivyo. Hemani anatiwa damu, kisha nusukaputi. Daktari anafungua tumbo, anatafuta panapovuja na kufunga mishipa. Wengu ukiwa umepasuka, anautoa. Utumbo mpana ukiwa umetoboka, anautoa mdomo wake nje ya ukuta wa tumbo, na mwingine ataurudisha baadaye. Majeraha ya mapaja na mikono anayakata nyama iliyokufa, anayaosha, na kuyaacha wazi bila kuyashona. Mgeni ataona huo ni uzembe. Lakini Korea ilikuwa nchi ya mashamba yaliyotiwa samadi, na jeraha lenye udongo wa namna hiyo likishonwa siku ya kwanza huoza ndani. Hushonwa baada ya siku nne au zaidi, likiwa safi.

Majeruhi wanapowasili wengi kwa pamoja, daktari analazimika kuwachambua. Utaratibu huu unahusishwa na Dominique-Jean Larrey, mpasuaji wa majeshi ya Napoleon, aliyewatibu watu kwa uzito wa majeraha pasipo kujali cheo. Hapa ndipo penye uchungu wote. Mtu mmoja anayehitaji saa sita za upasuaji anaweza kuwekwa kando ili wanne wapasuliwe katika saa hizo hizo. Aliyewekwa kando hupewa dawa ya maumivu na mtu wa kukaa naye. Katika chuo cha kadeti tulifundishwa kuhesabu risasi, maji na mafuta. Hesabu hii hakuna aliyetufundisha.

Je, kazi hiyo ya haraka ilifaa? Katika vita vikuu vya pili, kati ya majeruhi 100 wa Marekani waliofikishwa hospitali, zaidi ya wanne walikufa. Katika Korea idadi ilishuka hadi wawili na nusu hivi. Wala hawakuwa Wamarekani peke yao waliopigana huko: Ethiopia ilipeleka vikosi vya Kagnew, ikapoteza watu zaidi ya 120, na waliojeruhiwa walizidi 500. Norway nayo ilileta hospitali yake yenyewe ya mahema.

Jambo la ajabu ni hili, kwamba katika mahema hayo hayo ya kazi ya haraka ulizaliwa ustadi mkubwa. Kanuni iliyorithiwa ilikuwa kwamba ateri kubwa ya mguu ikikatika ifungwe tu, na katika vita vikuu vya pili karibu nusu ya miguu na mikono ya namna hiyo ilikatwa. Madaktari vijana wa Korea wakaanza kuziunga ateri hizo, na waliokatwa viungo wakapungua hadi 13 hivi katika 100. Basi haraka ilikuwa na mipaka yake: palipokuwa na nafasi ya kuokoa mguu, daktari alisahau kababu na kushika sindano nyembamba.

Mwaka 1993 madaktari wa Marekani waliupa upasuaji wa kuachwa nusu jina la heshima, udhibiti wa madhara, walilolitwaa kwa mabaharia wa kivita ambao huziba tundu la meli ili ifike bandarini tu. Ini linalovuja hukandamizwa kwa vitambaa, tumbo huachwa wazi na kufunikwa, mgonjwa hupashwa joto na kuongezwa damu, na baada ya siku moja au mbili hurudishwa mezani. Vitambaa vilivyobaki ndani huhesabiwa, na idadi yake huandikwa katika karatasi inayosafiri na mgonjwa, ili yule atakayemfungua, ambaye pengine hatamwona kamwe aliyemtangulia, ajue ni vingapi vya kutoa.