Ana mabawa, lakini mto havuki

JE, msomaji, umewahi kumwona chozi akinyonya maua uani mwako? Wengi humdhania kuwa yule ndege mdogo wa kwenye filamu, anayeelea hewani mbele ya ua kama helikopta. La hasha! Huyo ni ndege mvumaji, na makao yake ni Amerika peke yake, ambako kuna aina zaidi ya 300.

Ndege mvumaji ni hodari wa kuruka. Yupo mmoja wa Amerika Kaskazini, wa gramu tatu hivi, anayeweza kuvuka Ghuba ya Mexico, kilomita 800 hivi, bila kutua. Ajabu ni kwamba baadhi ya jamaa zake wa msitu wa Amazon hushindwa na mto.

Chukua mfano wa wale waitwao Phaethornis, wanaoishi kivulini chini ya miti mikubwa. Aina ya philippii hupatikana kusini mwa mto Amazon. Jamaa yake wa karibu, bourcieri, hupatikana hasa kaskazini. Lipo kundi la bourcieri upande wa kusini, kati ya mito Tapajós na Xingu, lakini nalo wataalamu wamelipa jina lake la pekee.

Kwa nini wasivuke? Ndege wengi waliozoea giza la msituni huogopa mahali peupe. Mwaka 2008 watafiti walieleza jaribio walilofanya Panama: ndege wa msituni wa aina mbalimbali walipelekwa ziwani kwa mashua na kuachiliwa. Baadhi hawakumaliza hata mita 100, walianguka majini. Nao Amazon una upana wa kilomita kadhaa!

Basi jamii ikigawanywa na mto, kila upande huzaana wenyewe kwa wenyewe. Badiliko dogo la mdomo, rangi au wimbo hurithiwa ng'ambo hii bila kufika ng'ambo ile. Miaka mingi ikipita, ndugu huwa aina mbili. Hapa Afrika, mto Kongo umewatenga vivyo hivyo sokwe, walio kaskazini, na bonobo, walio kusini.

Mwingereza Alfred Russel Wallace aliandika habari hii mwaka 1852, akitumia mfano wa tumbili wa Amazon. Alikiri kwamba wawindaji wenyeji waliijua tayari: walipomtaka mnyama fulani, walivuka mto kumfuata.

Hata hivyo, mto si ukuta. Karibu na chanzo chake huwa mwembamba. Isitoshe, huweza kuhama njia, kipande cha msitu na ndege wake kikabaki ng'ambo ya pili. Ndiyo maana wataalamu bado wanabishana: je, mito ndiyo iliyozaa aina hizi, au inalinda tu mipaka ya aina zilizotokea kwa sababu nyingine?

Wakati wakibishana, msitu wa kusini mwa Amazon unafyekwa kwa ajili ya malisho ya ng'ombe na mashamba ya soya. Usidhani kwamba ndege wakiisha hapa, wengine watatoka ng'ambo kujaza pengo. Walio ng'ambo si wale wale, na mto hawavuki.

Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali.