Kudesa kwa jirani? Kompyuta imeshashtuka!

UMEKWAMA kwenye chumba cha mtihani. Jirani anashusha majibu kama mvua. Unanyoosha shingo upige chabo kidogo. Lo! Swali lake silo lako.

Ndivyo ulivyo GRE, mtihani wa wengi wanaosaka shahada ya uzamili au uzamivu Marekani. Mwaka 1993 waendeshaji wake, ETS, walileta mtindo mpya. Kompyuta inakuanzishia swali la kati. Ukilipata, linalofuata linakaza. Ukikosa, linalegea. Inakwenda hivyo mpaka mashine ijue kimo chako.

Utamu wake nini? Kwenye karatasi, kichwa anapoteza muda kwa maswali ya kitoto, na mwenzake anahenyeshwa na yaliyomzidi. Kompyuta inampima kila mtu pale alipofikia, tena kwa maswali machache. Na alama hazitoki kwa kuhesabu tu umepata mangapi. Ugumu wa maswali nao umo.

Lakini wajanja hawalali. Mwaka 1994 Kaplan, kampuni inayowanoa watu kwa mitihani, iliwatuma wafanyakazi wake waufanye na kukariri maswali. Walipolinganisha, wakakuta mengi yanajirudia! Kaplan ikadai ilitaka kuonyesha udhaifu tu. ETS ikapunguza siku za mtihani, ikakimbilia mahakamani. Fundisho: mashine iwe kali vipi, ghala la maswali likiwa dogo, wizi uko palepale.

Kulikuwa na balaa jingine: ukishajibu, hurudi nyuma. Agosti 2011 wakalegeza. Sasa kompyuta inabadili ugumu kwa sehemu nzima, na ndani ya sehemu unaweza kuruka swali na kulirudia. Septemba 2023 mtihani ukafupishwa pia, kutoka kama saa 3 na dakika 45 hadi saa 1 na dakika 58.

Sasa wewe unayejiandaa, usiende kichwa kichwa. Insha inachapwa kwa kompyuta huku saa inakimbia. Kama vidole bado vinatafuta herufi moja moja, unapimwa mara mbili: ubongo na vidole. ETS inatoa mazoezi ya bure, POWERPREP, yanayofanana na mtihani wenyewe. Yapige mpaka uchoke. Itakuwa aibu, msomi mzima kuangushwa na kipanya!