Gundi Inayotoka Mikononi Mwetu

Ndugu wafanyakazi, sisi tunaokaa Ngagara, ambako wengi bado tunakuita OCAF, tunawaona watoto wa mitaani wenye chupa ndogo iliyofichwa ndani ya mkono wa shati. Ndani mna gundi ya viatu, au kitambaa kilicholowa petroli. Wao husema wanavuta ili wasisikie njaa na baridi. Haya, lakini gundi hiyo haikuota kando ya mto Ntahangwa. Imetoka kwa fundi viatu, kwa seremala, kwenye gereji, kwenye ghala la kiwanda. Imetoka kwetu.

Mvuke wake hupita mapafuni, huingia damuni na kufika kwenye ubongo upesi sana. Mvutaji hulewa kama aliyekunywa pombe, kisha kichwa humuuma, hutapika, huona visivyokuwapo. Akiendelea miaka, dawa iitwayo toluini humharibu ubongo: husahau, huyumba, na wengine hawaponi tena.

Dawa nyingine, heksani, hushambulia mishipa ya fahamu. Miaka ya 1960 huko Japani, watu waliokuwa wakitengeneza ndala kwa gundi walianza kufa ganzi miguuni, wengine wakashindwa kutembea. Miaka ya 1970 mjini Berlin, ugonjwa wa namna hiyohiyo uliwapata vijana waliovuta kwa starehe. Basi mwenzetu anayepaka gundi kutwa nzima katika chumba kisicho na dirisha naye anavuta, ingawa hakupenda. Akitoka kazini anapepesuka na kichwa kinamgonga, asiambiwe ni uchovu. Wawakilishi wetu wadai madirisha na feni, na wadai sasa.

Lipo jambo ambalo kila mzazi inafaa alijue. Mwaka 1970 daktari mmoja wa Marekani, Millard Bass, aliandika habari za vijana 110 waliokufa ghafula baada ya kuvuta mivuke ya namna hii. Baadhi yao walikuwa wametoka kukimbia au kufanya jambo la nguvu. Mivuke huufanya moyo usistahimili mshtuko: hupiga ovyo, kisha husimama. Inaweza kutokea hata siku ya kwanza ya kuvuta.

Kwa hiyo, baba mwenye fimbo, ukimkuta mtoto amelewa gundi usimkimbize wala usimpigie kelele. Sema naye polepole, mtoe penye hewa, zima sigara yako. Akizimia mlaze ubavu asisongwe na matapishi, na apelekwe hospitali mara moja. Maneno makali yangoje kesho.

Na huko kazini, makopo ya gundi yahesabiwe na kufungiwa ghalani kila jioni. Petroli isiwekwe nyumbani katika chupa za maji. Tena yule mwenzetu anayewauzia watoto gundi kidogo kidogo, tunamfahamu. Aitwe mbele ya mkutano wa chama, ajieleze.