Taa ya Pikipiki ni Juu ya Nani?



Ndugu wasomaji, jamaa zetu wa Migori na Homa Bay wanaijua biashara ya omena kuliko sisi wa pwani. Dagaa hao wa Ziwa Viktoria huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, na uvuvi wake hushamiri zaidi siku za giza, mwezi usipoonekana. Mashua hurejea alfajiri, na mama mwenye kununua hana budi awe ufuoni mapema. Basi siku za omena wengi ndizo siku za giza jingi, na kinachomfikisha huyo mama Mbita, Kendu Bay au Muhuru Bay, aghalabu ni pikipiki. Upande wa Migori, barabara kuu itokayo Rongo kupitia Awendo hadi mpakani Isebania hupita malori ya masafa marefu pamoja na matrekta yavutayo miwa. Dereva wa lori haioni pikipiki isiyo na taa ya nyuma mpaka awe ameikaribia mno.

Katika nyumba nyingi, huko na hapa kwetu, mwenye pikipiki si yule aiendeshaye. Mama huinunua kwa fedha za chama, akamkabidhi kijana, naye kijana humletea hesabu kila jioni. Taa ikizimika, mzozo huanza. Kijana husema chombo si chake. Mama husema alikitoa kikiwa kizima. Baina ya kauli hizo mbili, abiria husafiri gizani.

Mafakihi wamelizungumza jambo hili katika mlango wa ijara. Kinachokodishwa ni manufaa ya chombo. Na lile ambalo manufaa hayo hayakamiliki bila yake, ni juu ya mwenye chombo kulitengeneza, kama mwenye nyumba anavyopaswa kuliziba paa linalovuja. Aliyekodi naye ni mwaminifu. Halipi kilichoharibika ila akizembea au akivuka mpaka. Lakini hukumu hii haiwezi kutumika mpaka ijulikane taa imezimika kwa sababu gani. Kwa hiyo tuitazame njia ya umeme.

Njia ya kwenda na njia ya kurudi

Umeme wa pikipiki ndogo za siku hizi ni wa volti 12. Injini ikizunguka, stata huuzalisha. Rektifaya, kama wanavyoiita mafundi, huusawazisha na kuujaza katika betri. Kutoka betri hupita kwenye fyuzi, kisha swichi ya ufunguo, kisha swichi ya taa, ndipo ufike kwenye balbu. Ukishaiwasha, hurudi betrini kwa waya wa hasi na chuma cha fremu. Njia hiyo ikikatika popote, iwe ya kwenda au ya kurudi, taa haiwaki. Katika baadhi ya pikipiki, taa kubwa ya mbele hulishwa na stata bila kupitia betri. Hiyo haiwaki mpaka injini iwake, na hufifia injini ikipunguza mzunguko. Hayo si maradhi, ni maumbile yake.

Kifaa cha kupimia ni chepesi: balbu ndogo ya indiketa iliyoungwa nyaya mbili. Waya mmoja ushikishwe kwenye fremu, mahali pasipo rangi wala kutu. Wa pili uguse njia ya umeme, hatua kwa hatua, kutoka betri hadi kwenye taa, swichi zikiwa zimewashwa. Pale balbu inapoacha kuwaka, kasoro iko baina ya hapo na mahali pa mwisho ilipowaka. Tahadhari moja: waya mtupu usiunganishe ncha ya chanya na fremu, kwa maana hapo cheche huruka.

Kusoma dalili

Ikizimika taa moja na nyingine zikawaka, anza na balbu yake. Balbu ya nyuma aghalabu ina nyuzi mbili, wa wati 5 kwa taa ya kawaida na wa wati 21 kwa breki. Huenda wa breki ukawaka ilhali wa kawaida umekatika, na mwendeshaji asijue, kwani mgongo wake ndio unaoielekea taa hiyo.

Ikiwa balbu ni nzima na kipimo kinaonyesha umeme umefika, ishuku njia ya kurudi. Unganisha kwa muda ncha ya hasi ya betri na waya wa hasi wa taa ile. Ikiwaka, tafuta kutu pale waya unapofungwa kwenye fremu. Pikipiki zioshwazo ziwani na kupita matope ya masika huugua sana hapo.

Zikizimika zote pamoja na honi, tazama fyuzi, kisha ncha za betri, kisha betri yenyewe. Zikififia, fundi apime. Betri iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6 hivi, injini ikiwa na kasi, huwa baina ya 13.5 na 14.5. Ikizidi 15, rektifaya imeharibika, nayo ndiyo iunguzayo balbu mpya kila mara. Kununua balbu ya nne bila kuitengeneza rektifaya ni kuteka maji kwa pakacha.

Indiketa ikimemeta kwa haraka isiyo ya kawaida, aghalabu balbu moja ya upande huo imeungua. Na taa ikiwaka na kuzimika usukani unapogeuzwa, waya umekatika ndani ya ganda lake, chini ya usukani, mahali unapokunjwa kila kona.

Nani alipe?

Balbu iliyoungua kwa umri, betri iliyochoka, rektifaya na kutu ni juu ya mwenye chombo. Lakini ziko kasoro ziletwazo na mkono. Kijana hufunga taa za mapambo na redio kwa kuchuna nyaya njiani. Fyuzi ikikatika, huweka mahali pake karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Fyuzi imewekwa ife yenyewe ili nyaya zisalimike. Karatasi ile haikatiki kwa wakati; nyaya huungua kwa niaba yake, na huenda chombo kikashika moto. Huko ni kuvuka mpaka, na gharama yake ni ya aliyelifanya bila idhini. Kadhalika aliyeiona kasoro akaificha hana udhuru wa uaminifu.

Mama mwenye chombo naye ajihisabu. Akijua kuwa taa ya nyuma imekufa, kisha akaipokea hesabu ya usiku, amepokea malipo ya manufaa asiyoyatoa, na amemweka mtoto wa mwenziwe hatarini. Bei ya balbu haifikii bei ya mguu uliovunjika.

Nasaha yangu kwa akina mama wa chama ni hii. Mkataba na uandikwe mwanzoni, useme ukarabati ni juu ya nani. Sehemu ndogo ya hesabu ya kila wiki iwekwe kando kwa ajili ya balbu na fyuzi halisi. Na kabla ya magharibi, mtu mmoja wa nyumbani asimame nyuma ya pikipiki, mwingine akanyage breki na kuwasha indiketa za pande zote mbili. Kazi hiyo haizidi dakika mbili, na mtoto wa madrasa anaiweza. Abiria pia ana haki ya kutazama taa kabla hajapanda, na kukataa bila haya.

Tumefundishwa kuwa kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani. Pikipiki isiyo na taa usiku ni udhia unaotembea, na kuuondoa kwaanza nyumbani kwa mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.