Masikio ya Kewanja yanapolia usiku

Karasha likizimwa jioni, Kewanja hupoa. Lakini kwa mchimbaji mdogo aliyeshinda kando ya mashine hiyo ya kusaga mawe, hapo ndipo kelele nyingine huanza: mluzi mwembamba ndani ya sikio, ambao mkewe aliyelala ubavuni hausikii. Kijiji hiki cha Tarime kimepakana na mgodi wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002, na dhahabu ya eneo hili la Nyamongo ilikuwa ikivuta wachimbaji wadogo tangu kabla ya hapo.

Kelele ya zaidi ya desibeli 85, saa nane kila siku, huua taratibu vinyweleo vya sikio la ndani. Vikifa havioti tena. Ubongo uliozikosa sauti zake hujiongezea usikivu, na mlio huzaliwa humo. Waliowahi kutundikiwa dripu ya kwinini wanaujua. Wao kwa kawaida hupona dawa ikiisha mwilini. Wa karasha mara nyingi hubaki nao.

Kinachomtesa zaidi mchimbaji huyo ni hofu. Ubongo ukishauhesabu mlio kuwa hatari, huufuatilia usiku kucha, na usingizi hukimbia. Hapo ndipo kutafakari kwa makini kunaposaidia. Mtu huketi wima, hufuata pumzi ikiingia na kutoka, kisha huuruhusu mlio usikike kama mvua juu ya bati: upo, wala hauhitaji kujibiwa. Mawazo yakitoroka, huyarudisha kwenye pumzi bila kujilaumu. Waumini wasihofu: mafunzo haya, ambayo mtaalamu Jon Kabat-Zinn aliyaanzisha Marekani mwaka 1979, yana asili ya Kibuddha, lakini hayamdai mtu kubadili dini.

Mwaka 2017 Laurence McKenna na wenzake wa London walichapisha utafiti wa wagonjwa 75 wenye mlio wa masikio. Waliofundishwa kutafakari kwa wiki nane walipata nafuu kubwa kuliko waliofundishwa kulegeza mwili tu, na miezi sita baadaye nafuu hiyo ilikuwa bado ipo.

Redio ya sauti ya chini kitandani nayo husaidia, kwa kuwa ukimya mtupu huukuza mlio. Ila mlio wa sikio moja, unaodunda pamoja na moyo, au uliokuja na uziwi wa ghafla, usitafakariwe nyumbani: nenda hospitali upesi, ikibidi hadi Bugando, Mwanza. Na kesho karashani, vaa vizibo vya masikio kabla injini haijawashwa.